Gemu kwenye laptopu ya kawaida

Laptopu nyingi za ofisini, na hata zile za mtumba, hazina kadi ya picha ya peke yake. Kazi ya kuchora picha hufanywa ndani ya prosesa, kwa kukopa RAM ileile inayotumiwa na programu nyingine. Ndiyo maana gemu linakwamakwama.

Una RAM moja ya GB 8? Ongeza ya pili inayofanana nayo, data ipate njia mbili. Kisha shusha ukubwa wa picha ya gemu kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta zinazounda picha zinapungua zaidi ya nusu.

Halafu vumbi letu la Dodoma! Likiziba feni, mashine inapata joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Tafadhali, usiichezee juu ya godoro, nalo huziba feni.