Uchokozi Usio na Kelele



Uchokozi ni tendo linalokusudiwa kumdhuru mtu asiyetaka kudhuriwa. Hasira ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwaka hasira asimguse yeyote, na mwingine akamdhuru jirani yake moyo umetulia tuli. Ndiyo maana wanasaikolojia hutenga uchokozi wa ghadhabu, unaotafuta maumivu yenyewe, na uchokozi wa manufaa, unaotumia maumivu kupata kitu kingine.

Tuanze Migori. Kisiwa cha Migingo katika Ziwa Victoria, upande wa Nyatike, hakifiki ekari moja, ila maji yanayokizunguka yana mbuta. Tangu polisi wa Uganda walipopiga kambi pale mwaka 2004, wavuvi wetu wa Kenya wamelalamika kukamatwa, kutozwa fedha na kunyang'anywa samaki na injini. Mnyang'anyi wa aina hiyo hahitaji kumchukia mvuvi. Anachotaka ni mapato na mamlaka juu ya maji. Lakini mwaka 2009, wakazi wa Kibera, Nairobi, waling'oa sehemu ya reli iendayo Uganda kwa ajili ya Migingo. Hiyo ilikuwa ghadhabu. John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliandika mwaka 1939 kwamba anayezuiwa kufikia lengo lake huelekea kushambulia, na asipomfikia aliyemzuia, humgeukia aliye karibu, kama watu wa Kibera walivyoigeukia reli.

Sasa twendeni Homa Bay, kwenye jambo tunaloliita jaboya. Mama mchuuzi anafika ufuoni alfajiri na pesa zake mkononi, anaambiwa hauziwi samaki mpaka akubali kulala na mvuvi. Hakuna kofi wala matusi, kwa hiyo wengi husema wamepatana. Mimi nakataa. Mvuvi anajua mama hataki. Anajua pia kwamba nyumbani kuna watoto wa kulisha, na anaitumia njaa yao kumlazimisha. Huo ni uchokozi kamili wa manufaa, katika kaunti ambayo ni miongoni mwa zile zilizoathiriwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini.

Tofauti hii kati ya ghadhabu na manufaa inaamua tiba. Ghadhabu hupoa kwa usuluhishi na kwa kusikilizwa. Uchokozi wa manufaa hausikii mahubiri; hukoma faida yake inapokatwa. Wanawake wa ufuo wa Nduru, kando ya ziwa hili hili, walilielewa hilo: kuanzia mwaka 2011 walitafuta mashua zao wenyewe, wakaajiri wavuvi, na samaki wakawa wao.

Kwa hiyo naziomba kamati za fuo zipokee malalamiko ya jaboya kama zinavyopokea ya wizi wa nyavu. Naziomba serikali za kaunti zetu mbili ziwape akina mama mikopo ya mashua. Nasi wasomi, tukichunguza uchokozi, tusiishie kuuliza nani alipiga kelele. Tuulize nani aliumizwa, na nani alifaidika.