Ng'ombe Azoeaye Kupiga Pembe

Wenye Biblia karibu naomba wafungue Kutoka 21, kuanzia mstari wa 28. Hapo Torati inaamua kesi ya ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe hata akafa. Ng'ombe anapigwa mawe, lakini mwenyewe anaachiliwa. Ila kama ng'ombe yule alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe alikuwa ameambiwa asimfunge, basi damu ile iko juu yake. Mnyama ni yule yule, na kifo ni kile kile. Kinachobadili hukumu ni neno moja tu: mwenyewe alijua?

Mistari hiyo inanirudia kila ninaposoma habari za kesi moja ya mji wa Berlin, Ujerumani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2016, vijana wawili, mmoja wa miaka 24 na mwingine wa miaka 26, walikutana na magari yao katika barabara kubwa iitwayo Kurfürstendamm, wakaanza kushindana. Mwendo ulioruhusiwa pale ni kilomita 50 kwa saa. Wao walifika 160 na zaidi, wakapita taa nyekundu moja baada ya nyingine. Kwenye njia panda mzee wa miaka 69 alikuwa akipita na gari lake, na taa yake ilikuwa ya kijani. Aligongwa ubavuni. Gari lake lilirushwa kiasi cha mita 70, naye akafa pale pale.

Mwezi Februari 2017 mahakama ya Berlin ilisema kwamba hiyo haikuwa ajali bali mauaji, ikawapa wote wawili kifungo cha maisha. Lakini Machi 2018 mahakama ya juu ilitengua hukumu hiyo. Majaji waliuliza hivi: ikiwa dereva ametambua kwamba ataua wakati gari limekwisha kuingia njia panda, na breki haziwezi kusaidia tena, je, ameamua kuua? Wakati huo hakuna tena cha kuamua. Kesi ikaanza upya. Mwaka 2019 wakahukumiwa tena kwa mauaji, na mwaka 2020 mahakama ya juu ikakubali hukumu ya yule aliyemgonga mzee. Ya mwenzake ilirudishwa mara nyingine, naye mwaka 2021 akapewa miaka 13 kwa kujaribu kuua.

Wako watakaosema majaji walikuwa wakichezea maneno huku mzee wa watu yuko kaburini. Mimi siwezi kusema hivyo. Miaka mitano walikuwa wakitafuta jambo lile lile la Kutoka 21: alijua nini, na alijua lini. Hukumu kali isiyouliza hivyo ni hasira tu iliyovaa joho la hakimu. Na wakiisha kuuliza, wakaona kwamba mtu alijua taa ni nyekundu, alijua mji una watu hata saa za usiku, akakanyaga mafuta kwa sababu hataki mwenzake ampite, sioni kwamba adhabu kubwa inamwonea.

Je, ukali huo unazuia? Hapo ndipo pagumu, ndugu yangu. Usiku ule wa 2016, kushindana kwa magari barabarani huko Ujerumani hakukuwa hata kosa la jinai. Aliyekamatwa alitozwa faini ya yuro 400 na kukatazwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Sheria mpya ya Oktoba 2017 ilileta kifungo cha hadi miaka miwili kwa kushindana tu, na hadi miaka kumi mtu akifa; hata gari laweza kutwaliwa moja kwa moja. Mashindano hayakukoma. Katika miaka iliyofuata polisi wa Berlin waliendelea kuandikisha mamia ya kesi. Ni kweli kwamba sheria mpya inamhesabu hata anayekimbia peke yake kwa kutafuta mwendo wa juu kabisa, na polisi sasa wanawatafuta kwa bidii zaidi. Lakini kijana wa miaka 20 aliye nyuma ya usukani hapigi hesabu ya miaka kumi. Haamini kwamba atakamatwa.

Mhubiri aliliona hilo zamani. Katika sura ya 8, mstari wa 11, halaumu hukumu kwa kuwa nyepesi. Anailaumu kwa kuchelewa. Sisi wa Kenya tunalifahamu. Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza, matatu isiyo na mikanda wala kidhibiti mwendo cha kilomita 80 haikubeba abiria siku hiyo hiyo. Tulifunga mikanda sote, hata kina mama wazee waliokuwa hawajui inafungwaje. Kanuni zilibaki kitabuni baadaye. Kilicholegea ni mkono wa kuzitekeleza.

Jimbo la Ontario, Kanada, lilitambua hilo mwaka 2007. Anayekamatwa akishindana hunyang'anywa gari na leseni pale pale kando ya barabara. Mwanzoni ilikuwa siku 7. Tangu 2021 gari hukaa siku 14 na leseni siku 30. Wachunguzi waliolinganisha miaka ya kabla na ya baada waliona majeruhi wa mwendo wa kasi wamepungua miongoni mwa madereva vijana wa kiume. Ila kuna uchungu ndani yake. Gari huchukuliwa kabla hakimu hajasikia neno, hata kama ni gari la baba aliyelala nyumbani. Baba huyo ana haki ya kulalamika. Lakini ningependa kumwuliza kama hakuwahi kuambiwa na majirani jinsi mwanawe anavyoendesha.

Maana wale wawili wa Berlin hawakuwa wageni kwa polisi. Kabla ya usiku ule wote wawili walikuwa wamekwisha kuandikiwa makosa ya barabarani, na funguo za magari zilikuwa bado mikononi mwao.