Majina ya Wenzetu wa Pugu



Mmeniamuru niseme juu ya walimu na wanafunzi wa Pugu waliotutangulia. Mwalimu Julius Nyerere alisomesha hapa, katika Chuo cha St. Francis, mwaka 1955 alitakiwa achague ualimu au siasa, akaacha kazi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Benjamin Mkapa, aliyesoma hapa, alifariki tarehe 24 Julai 2020. Kaburi lake li Lupaso. Hao majina yao yamo vitabuni.

Walakini yule aliyelala kitanda cha pili nawe bwenini, aliyekuazima kalamu siku ya mtihani, kisha akafa karani wa tarafa ya mbali, nani amemwandika? Sisi twatunza majalada ya watu wote, twajua hata siku zao za likizo. Habari ya kifo cha mwenzetu twaipata arobaini imekwisha pita, tena kwa kuulizana njiani. Aibu hiyo si ya Serikali.

Basi naomba lifunguliwe daftari: jina, mwaka wa kumaliza, mahali alipozikwa, na jamaa aliowaacha. Wapishi wa shule waandikwe pia, maana walitulisha. Bwana Katibu anayo karatasi. Mwenye jina alitaje kabla hatujatawanyika.