UTABIRI WA UCHUMI NA AKIBA YA WANYONGE



Mada tuliyopewa inahusu namna ya kuwekeza fedha wakati masoko yanapoyumba na wataalamu wanapotofautiana juu ya mwelekeo wa uchumi. Huenda wengine wakadhani kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Sivyo. Akiba ya mwalimu, ya mkulima wa chai na ya mama wa sokoni nayo huingia katika masoko hayo kwa njia ya hisa na mifuko ya pensheni. Kwa hiyo swali letu ni la haki: utabiri unapokosea, ni nani anayelipa?

1. Mipaka ya utabiri

Mtabiri wa uchumi hukusanya takwimu za bei, mavuno, riba na biashara ya nje, akatazama zilivyokwenda miaka iliyopita, kisha akakadiria zitakavyokwenda mbele. Kazi hiyo ina manufaa, kwani serikali haiwezi kupanga bajeti bila makadirio. Lakini hatuna budi kuitambua mipaka yake. Kwanza, yajayo si lazima yafanane na yaliyopita. Pili, mvua haibadiliki kwa sababu imetabiriwa, bali soko hubadilika. Watu wakiambiwa kwamba bei itapanda, hukimbilia kununua, na bei hupanda kwa sababu ya mbio zao wenyewe, mpaka wanunuzi wapya wanapokwisha.

Hata wajuzi hawakunusurika. Mwaka 1998 mfuko wa Marekani ulioitwa Long-Term Capital Management ulipoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika miezi michache. Miongoni mwa wabia wake walikuwamo Robert Merton na Myron Scholes, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka mmoja tu kabla yake. Nao walikuwa wamewekeza kwa fedha nyingi za mkopo.

2. Mfano wa Kenya

Mwaka 2008, miezi michache baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Zaidi ya watu 800,000 waliomba. Ilisemwa kila mahali kwamba bei itapanda mara soko litakapofunguliwa, na wengi walikopa benki ili wanunue. Kwa kuwa maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, waombaji walipata sehemu tu ya walizoziomba, ilhali aliyekopa alidaiwa riba ya mkopo wote.

Biashara ilianza tarehe 9 Juni 2008, na bei ikapita shilingi 7. Kisha msukosuko wa fedha wa dunia ukafika. Mapema mwaka 2009 hisa hiyo iliuzwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa mkopo hakuweza kungoja, kwa maana benki haingoji. Akauza kwa hasara na deni likabaki. Aliyenunua kwa fedha ambazo hakuzihitaji upesi alizitunza hisa zake, akapokea gawio, na mwaka 2021 akaona bei ikipita shilingi 40. Hata hivyo, aliyenunua kwa bei hiyo kwa kuamini kwamba itazidi kupanda, mwaka 2023 aliikuta chini ya shilingi 15.

Wote hao walikuwa na hisa za kampuni ile ile. Waliotofautiana ni yule aliyeweza kungoja na yule asiyeweza.

3. Mzigo wa kosa

Dalali hulipwa unaponunua, na hulipwa tena unapouza. Benki hudai riba bei ikipanda au ikishuka. Anayebaki na hasara ni yule aliyeamini. Kwa hiyo haki inadai kwamba anayeuza matumaini aeleze pia hatari, kwa lugha inayoeleweka, kabla ya mtu kutia sahihi.

4. Tufanye nini?

Hatusemi kwamba mnyonge asiwekeze, kwani fedha zilizofichwa nyumbani nazo huliwa na mfumuko wa bei. Tunasema hivi:

(a) Chakula, karo na matibabu ya miezi kadhaa vitengwe kwanza. Akiba haiozi.

(b) Tusikope ili kununua kitu ambacho bei yake hupanda na kushuka, wala tusiweke rehani shamba la familia. Usiache mbachao kwa msala upitao.

(c) Tusiweke akiba yote mahali pamoja.

(d) Kila anayetutabiria faida tumwulize: wewe unalipwa na nani? Ukikosea, nitapoteza kiasi gani? Nikizihitaji fedha zangu kesho, nitazipata?

Asiyeweza kujibu maswali hayo, tusimkabidhi jasho letu. Hakuna ajuaye bei ya mwakani. Bali kila mmoja wetu aweza kujua leo ni hasara gani ambayo nyumba yake haitaweza kuibeba. Tuanzie hapo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika eneo letu, ni nani huwashauri watu juu ya kuwekeza, naye hupata nini?

2. Je, chama chetu cha akiba na mikopo huwaeleza wanachama mahali fedha zao zilipowekwa?

3. Familia ikipata hasara kwa sababu ya mkopo, tunaweza kuisaidiaje bila kuiaibisha?