Jiko Jipya Katika Nyumba ya Kale

Aliyeishi miaka mingi Muscat au London huzoea jiko lililo wazi, mpishi akikaanga huku akizungumza na wageni walioketi mezani. Arejeapo Zanzibar kuitengeneza nyumba ya urithi katika Mji Mkongwe, agizo lake la kwanza kwa fundi huwa ni kuuvunja ukuta ulio kati ya jiko na chumba cha kulia. Hapo ndipo penye hatari.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, nazo haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Ukuta unaoonekana kuwa kizuizi tu huenda umebeba ghorofa mbili. Ukiondolewa bila mhandisi kuweka mhimili, mzigo hukosa pa kukaa, na kwa kuwa nyumba zimeegemeana, hata jirani huona nyufa. Aidha, kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kinahitajika, maana mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000.

Kosa la pili halionekani upesi, nalo ni saruji. Unyevu upandao kutoka ardhini hupata njia ya kutokea katika lipu ya chokaa. Saruji na vigae vinavyong'aa huufungia ndani. Ukiongeza mvuke wa vyungu na bomba livujalo nyuma ya sinki, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza kimyakimya. Wazee hawakukosea walipoliweka jiko, mara nyingi, uani au juu darini: moshi na maji viliishia nje.

Udhaifu wa majengo hayo si hadithi. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Mafundi wa chokaa wangalipo. Tatizo ni kwamba chokaa iliyochomwa hulowekwa na kuachwa majuma kadhaa kabla ya kutumika, ilhali likizo ya mwenye nyumba ni mwezi mmoja. Afadhali aagize ilowekwe kabla hajakata tiketi ya ndege.