Tukimwona mwanamke kwenye pikipiki tunasema nini?

(Mazungumzo ya kamati yetu mbele ya vikundi vya akina mama wa pande za Litein, Kapkatet na Sotik)



Tuliombwa tuzungumze juu ya mikopo ya kikundi. Tutazungumza, lakini tutaanza na aibu yetu wenyewe, kwa maana kuna mkopo mmoja ambao hatukuutoa, na huo umetufundisha kuliko yote tuliyotoa ikalipwa vizuri.

Mwaka jana mwanachama wetu mmoja, mama wa watoto wawili, alileta ombi. Alitaka tumkopeshe pesa za kuanzia ili anunue pikipiki afanye boda boda. Huyu mama hajawahi kukosa mchango hata wiki moja. Siku hiyo hiyo mwenzake aliomba pesa za ng'ombe wa maziwa. Yule wa ng'ombe tulimuuliza maswali mengi: nepia umepanda? Maziwa utauza wapi? Ng'ombe akifa utatulipa na nini? Yule wa pikipiki hatukumuuliza swali hata moja. Tulicheka tu, halafu tukakataa.

Tuwaambie tulisema nini siku hiyo. Mmoja alisema ati mwanamke akikalia chuma hiyo kila siku hatazaa tena. Mwingine akasema atazunguka na mabwana za watu mpaka Bomet na hakuna atakayejua. Kuna mama mkwe wa mtu, ambaye hata si mwanachama, alituma ujumbe kwamba mwanamke wa longi asikanyage kwake. Na mmoja wetu, ambaye yuko hapa na anajijua, aliuliza, "Nikae nyuma ya mwanamke mwenzangu, tukianguka atanibeba nani?" Hapo ndipo tulicheka mpaka machozi.

Sasa angalieni. Katika kikao hicho hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Vijana wa stage wana maneno yao, hayo tunayajua. Lakini haya yalikuwa yetu.

Baadaye tulianza kujiuliza yametoka wapi. Boda boda yenyewe si kitu cha kwetu. Ilianzia Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani kati ya Kenya na Uganda, na jina likatoka hapo, kutoka boda mpaka boda. Pikipiki zilijaa huku kwetu baada ya mwaka 2008, wakati Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250. Kabla ya hapo, mgonjwa wa kutoka ndani ndani kwenye majani chai alibebwa kwa kiti mpaka barabarani, ama angojee lori la majani, na lori halina haraka ya mtu. Vijana walipoanza kazi hiyo tuliwaita wahuni. Leo tunawapa watoto wetu wa nasari wawapeleke shule, watatu kwa pikipiki moja, na sheria inasema abiria ni mmoja tu. Tumezoea. Kwa hivyo si pikipiki inayotusumbua.

Wala si mwanamke juu ya pikipiki. Wengi wenu mnakumbuka masista na manesi wa misheni waliokuja kwa pikipiki kuchanja watoto, na yule bibi wa kilimo. Walivaa longi na buti, wakajaa matope mpaka usoni. Tuliwapisha njia, tukawakaribisha mursik. Nani kati yetu aliuliza kama watazaa? Lakini ile ilikuwa pikipiki ya ofisi. Huyu wetu alitaka yake, pesa iingie mfukoni mwake, na ni mtu tuliyechuma naye majani bega kwa bega. Hapo ndipo palipouma. Ulikuwa ni wivu, akina mama, na sisi tukauvalisha nguo ya adabu.

Basi hakutungojea. Alichukua pikipiki kwa mkopo wa mahali pengine, wa kulipa kila siku, na riba yake ni kubwa kuliko yetu. Miezi ya kwanza hatukumpanda. Tulipita pale stage tukiangalia upande ule mwingine, tukachagua kijana ambaye tunajua kabisa jana alikuwa amelewa.

Aliyetuvunja ni mvua. Jioni moja mmoja wa kamati alikwama kituo cha kununulia majani, giza linaingia, na pikipiki ilikuwa moja tu. Akapanda. Alipofika nyumbani alituambia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Nyuma ya mwanamume sisi hatushiki. Tunaona haya kumkumbatia mtoto wa mwenyewe, kwa hivyo tunashika chuma ya nyuma kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika mzigo. Tena tunakaa upande kwa sababu ya sketi, leso inaning'inia karibu na spoku. Huyu alimwambia, "Mama, kaa kama mimi, kunja leso uikalie, halafu nishike kiunoni." Akamshika. Kwenye ule mteremko wa utelezi hakuomba kushuka hata mara moja.

Wakubwa wetu hawakupenda maneno ya kukaa kama mwanamume. Mpaka leo wengine hawapendi, na hatuwalazimishi. Lakini siku hizi utaona kogo fulani anavaa suruali ya kulalia chini ya rinda siku ya kwenda kliniki Kapkatet. Ukimuuliza atasema ni baridi.

Jambo zito zaidi ni la wasichana wetu. Wale wanaosoma shule za kutwa wanapewa lifti ya bure asubuhi, na sisi wazazi tunafurahi kuokoa nauli. Hakuna lifti ya bure. Tumeona mimba ngapi hapa? Hatusemi vijana wote ni wabaya, wengine ni watoto wetu wenyewe na wanafanya kazi safi. Tunasema tu kwamba wazazi sita hapa wanamlipa huyu mama kila mwisho wa mwezi awapeleke binti zao, na kati ya hao sita wanne walikuwa kwenye kile kikao cha kucheka.

Halafu kuna tabia nyingine yetu ambayo ni lazima tuikemee. Tulipoanza kumpanda, tulitaka bei ya chini. Ati wewe ni wetu. Kijana tunamlipa shilingi mia bila neno, mwenzetu tunampa sabini tunamwambia nyingine ni ya kesho. Petroli haijui kama wewe ni wetu.

Hatutaki mwondoke hapa mkifikiri ni kazi rahisi. Ameanguka mara mbili, mara moja akaumia mkono. Usiku habebi mtu asiyemjua, na hapo anapoteza pesa. Pale stage walimfanya awe wa mwisho kwenye foleni mpaka mwenyekiti wao alipoingilia kati. Aliyesema kazi hii ina hatari hakukosea. Alikosea kudhani kwamba majani hayana hatari, na kwamba majani yatakuwepo. Mnajua mashine za kuchuma zimefanya nini kwenye mashamba makubwa. Mwezi wa Mei 2023 watu wa Kericho walizichoma moto kwa hasira ya kazi kupotea, na bado mashine ziko. Binti zetu waende wapi? Huko Ukwala, Siaya, hospitali ya Matibabu iliona wanawake wafundishwe boda boda, na wanabeba akina mama wajawazito kwenda kliniki. Sisi tulikuwa na wetu, tukamkatalia.

Sasa ombi la pili liko hapa mezani. Limeandikwa na msichana aliyekuwa mchumaji, naye yuko hapa, msimgeukie wote kwa pamoja. Pikipiki mpya inazidi shilingi laki moja na nusu, naye ana akiba ya theluthi. Kamati imeandika maswali ya kumuuliza. Leseni ya kubeba abiria, ile ya A3, ameipata? Helmeti ni mbili, yake na ya abiria? Bima je? Pikipiki italala wapi usiku? Ikiharibika cheni anajua kuifunga mwenyewe ama ni mpaka fundi? Kulikuwa na swali lingine, nani atamwangalia mtoto. Hilo tumelifuta, kwa sababu yule wa ng'ombe hatukumuuliza.

Chai iko tayari. Tukishakunywa tutampa nafasi ajibu, kisha tutapiga kura kwa kuinua mikono. Yule mama wa "atanibeba nani" ameomba azungumze wa kwanza.