Mriba ni Mboga Nzuri, Lakini Angalia Maji Yake

(Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wakazi wa Kaunti ya Tana River)

 

Leo nazungumzia mboga ya majini ambayo wengi wetu tunaijua. Kila jamii ina jina lake. Kwa Kiswahili huitwa mriba. Ni ndugu ya kiazi kitamu, na ua lake linafanana na la kiazi. Bua lake lina uwazi ndani, ndiyo maana huelea. Tunauona mabwawani, mifereji ya maji na kwenye mashamba ya mpunga.

Kwanza, faida zake. Majani yana madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu, na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa ajili ya macho. Nyuzi zake hulainisha choo. Upike na nyanya au ukamulie ndimu, mwili upate chuma zaidi. Chai isubiri kidogo baada ya chakula, maana inapunguza chuma hicho.

Pili, tusiupe mriba kazi isiyo yake. Huko Asia umetumiwa tangu zamani kama dawa ya kienyeji ya kisukari, na hata hapa kuna wanaousifu hivyo. Kula kama mboga, lakini usiache dawa ulizoandikiwa. Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amweleze daktari, kwa sababu mboga za majani zinaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa: hatari iko kwenye maji. Maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, yaani bilhazia. Kichocho hakiletwi na mboga iliyopikwa. Kinapenya kwenye ngozi ya yule aliyeingia majini kuichuma, na mara nyingi ni mama au mtoto. Mtoto akikojoa damu, msiseme anakua. Mpelekeni kituo cha afya. Dawa ipo na inatibu.

Pale ambapo ng'ombe, mbuzi na kondoo hunywa maji, kunaweza pia kuwa na minyoo ya ini. Vijidudu vyake hujibandika kwenye majani, na kuosha peke yake hakutoshi. Kwa hivyo mriba usiliwe mbichi. Uoshe kwa maji safi, kisha upike hadi uive kabisa. Usichume karibu na choo, majitaka, au shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu.

Mwisho, njia iliyo salama zaidi: panda nyumbani. Kata bua lenye vifundo, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, kama mnavyopanda mashina ya viazi, na umwagilie maji ya kisima au ya mfereji wa bomba. Litachipua, na utachuma bila kukanyaga bwawa wala kuogopa mamba. Kwa sasa, anayelazimika kuingia majini avae buti ndefu, na aepuke saa za jua la mchana, wakati vijidudu vya kichocho huwa vingi majini.

Mkiwa na swali, muulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu.